Springi Mpya za Gari la Kaka

Mzigo ulifika kaka akiwa ameshazikwa. Karani wa ofisi ya vifurushi alipiga simu asubuhi, akamkuta Dada Meno yuko kazini, mikono imejaa plasta.

"Kuna boksi zito hapa la kaka yako. Mwambie aje achukue, limeziba njia."

"Kaka amefariki."

"Pole sana, dada. Basi aje na kitambulisho chake."

Siku nyingine Dada Meno angecheka mpaka kiti kilie. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na mtaa mzima ulimjua hivyo. Walimwita Dada Meno kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza meno ya bandia, katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, kati ya taa ya spiriti, visu vya kuchongea nta na taya za plasta zilizokenua rafuni. Mteja akilalamika kwamba meno mapya yanabana, alimwambia ayape muda, hata ndoa huanza hivyohivyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa. Alikaa na kaka yake mpiga chapa, ambaye naye hakuoa, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Kaka alikaa vyumba vya nyuma, yeye vya mbele, na ugomvi wao wote ulikuwa juu ya gari.

Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo zilizong'aa kama macho ya mtu aliyetoka kulia. Kaka alilipangusa kila Jumapili kwa fulana yake kuukuu. Kulitazama ilikuwa raha, kulipanda ilikuwa adhabu. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, shokapu zimekufa, na kila tuta la barabarani lilimfika Dada Meno kiunoni. "Kaka, hili si gari, ni kitanda cha kamba kilichokatika," alikuwa akimwambia, huku ameshika mgongo. Kaka alikuwa akiongeza sauti ya redio.

Alianguka bafuni akinyoa ndevu. Dada Meno aliusikia mshindo akiwa jikoni, akadhani ni ndoo. "Usinivunjie nyumba!" alipaza sauti. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia.

Msibani hakutoa chozi. Shangazi zake walinong'onezana; mmoja akasema amejikaza, mwingine akasema ana roho ya jiwe. Ukweli ni kwamba hakujikaza. Alikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi: unaligusa, unajua ni lako, lakini habari haziji. Alikula akiwekewa sahani, alilala akiambiwa alale. Watu walipotawanyika alirudi kazini, akachonga meno ya watu kwa mikono ileile isiyotetemeka.

Basi alikwenda kulichukua lile boksi na karatasi za msiba mkononi, kwa sababu alikuwa ameambiwa limeziba njia. Walimfungulia: springi mpya zilizopakwa rangi nyeusi, shokapu nne zilizofungwa kwenye nailoni, mfuko wa bushi za mpira. Hakujua la kuvifanyia. Dereva wa teksi aliyembebea ndiye aliyesema, "Hivi ni vya kwa Nyundo tu."

Nyundo alikuwa fundi magari mwenye gereji nyuma ya kinu cha unga. Alipata jina hilo kwa sababu hakuna kitu ambacho hakuanza kwa kukigonga. Alipoona boksi alivua kofia.

"Aliniambia vinakuja," alisema. "Tulipanga mimi na yeye. Sasa dada, tufanyeje? Ukitaka kuviuza, nitakutafutia mtu."

"Vifunge."

"Gari ataendesha nani?"

"Fundi, si vimeshafika? Vifunge."

Kwa hiyo gari lilivutwa hadi gereji. Kila alipotoka kliniki Dada Meno alipitia huko, akaketi juu ya kiti cha basi kilichong'olewa, akatazama. Hakuna aliyemwita. Nyumbani palikuwa kimya, na hapa walau palikuwa na mtu wa kugonga. Nyundo aliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya magogo, akalala chini yake na kuanza kupigana na nati zilizoshikana kwa kutu. Aliagiza spana bila kutazama, na Dada Meno akawa anampa. Haikupita muda akawa anampa sahihi kabla hajaitaja.

Springi ya kushoto ilipotoka, Nyundo aliisukuma nje ili aione. Vyuma bapa vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, na cha tatu kilikuwa kimekatika katikati.

"Umeona? Mlikuwa mnaendesha msiba," Nyundo alisema, kisha akaumauma midomo. "Samahani, dada."

"Si neno." Aliutazama ule mkatiko. "Fundi, alikuambia kwa nini anataka kubadilisha?"

Alijiona akingoja jibu, na hilo lenyewe lilimshangaza.

"Alisema linayumba kwenye kona. Halafu alitaka likae chini kidogo, lipendeze. Kuna wenzake wenye magari ya zamani, walimcheka kuwa limenyanyua makalio."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo. Kwani kuna jingine?"

"Hakuna."

Miaka yote ile ya kuulilia mgongo wake, na mgongo haukutajwa. Alisubiri hasira ije. Haikuja. Alimpa Nyundo spana aliyokuwa akiitaka.

Siku gari liliposhushwa chini, lilikuwa limekaa vizuri kweli, limetulia kama mtu aliyekaa sawa kitini. Nyundo alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akamfungulia mlango. "Twende tukalijaribu."

Walishika barabara ya kinu. Mbele ya geti la kinu palikuwa na tuta kubwa, lile lililokuwa likimrusha Dada Meno mpaka kichwa kikaribie kugusa paa. Aliliona kwa mbali. Akashika ukingo wa kiti, akabana meno, akauandaa mgongo. Gari likapanda, likashuka, likaendelea.

"Umesikia?" Nyundo aliuliza, uso wote meno.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo yenyewe hiyo!" Alipiga usukani kwa furaha.

"Rudi," Dada Meno alisema.

Nyundo aligeuza gari. Walipita tena, na mara hii aliachia kiti, mikono mapajani. Hakusikia kitu. "Ongeza mwendo. Tena." Mlinzi wa kinu alitoka kibandani kutazama hawa watu wanatafuta nini. Waliporudi mara nyingine, Nyundo aliacha kutabasamu. Aliegesha kando, akazima injini.

"Dada, gari halina kosa."

"Najua. Zirudishe zile za zamani."

"Haiwezekani. Umeona mwenyewe chuma kimekatika. Nikikurudishia zile, nitakuwa nimekuua kwa mikono yangu."

Alikuwa akisema kweli, na hapakuwa na la kubishana. Dada Meno alitazama mbele. Magunia yalikuwa yakipakiwa, unga umewajaa wapakiaji nyusi. Baadaye akasema, "Basi nirudishe nyumbani."

Gari hakuliuza, ingawa watu walikuja kuulizia. Mke wa Nyundo, aliyekuwa akifundisha udereva, alimfundisha nalo katika uwanja wa shule, mpaka mtahini akampa leseni kwa shingo upande. Akawa anakwenda nalo kliniki, polepole mno, msafara wa honi nyuma yake. Wagonjwa walimsifia gari. Alijibu asante.

Jioni moja ya mvua, akiingia nyumbani, alikata kona mapema, akalikwaruza ubavu mzima kwenye nguzo ya geti. Alishuka na kusimama mvuani akitazama rangi ya maziwa iliyobanduka.

"Mara ngapi nimekuambia upanue hili geti?" alifoka kuelekea nyumba. "Mara ngapi? Mtu husikii! Redio tu, redio tu!"

Jirani alichungulia dirishani, akavuta pazia. Dada Meno aliendelea kufoka mpaka sauti ikamkauka. Kisha akarudi garini, akalirudisha nyuma kidogo, akajaribu kuingia upya.