Filamu ya Kitamil na Deki Iliyopotea Tandale

Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa fedha kidogo, na hata sisi tusiojua mambo ya filamu tuliona. Kivuli cha mpiga kamera kilipita ukutani mara mbili. Gari la polisi lilikuwa moja, na kila lilipotakiwa gari lingine walilipaka matope. Uchochoro mmoja ulitosha kwa kukimbizana filamu nzima: leo wanaupita hivi, kesho wanaupita kinyume. Ilihusu vijana wanne wa mtaa wa mabanda waliovunja duka la sonara, na mmoja wao, aliyevaa shati jekundu, akaenda kuwachoma kwa polisi.

Rafiki yangu ndiye aliyeichagua, kwenye duka moja la Al Mansoura, hapa Doha, katika kapu la CD lililokaa mlangoni karibu na kadi za simu. Kwenye jalada vijana wale walisimama mbele ya nyumba za mabati, mtaro wa maji machafu ukipita miguuni mwao.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa si kwetu kabisa hapa?"

Muuza duka alituonya kwamba ni Kitamil kitupu, hakuna maandishi ya Kiingereza chini. Rafiki yangu akamjibu kwamba hatuhitaji maandishi, yeye yupo.

Tulikua pamoja Tandale, Dar es Salaam, nyumba yetu ya nne kutoka kwao. Wote wawili tuliishia darasa la saba. Ujanani alikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Wakati ule watu walilipa kiingilio, wakakaa kwenye mabenchi na kuangalia mikanda ya nje, na mtafsiri alikaa pembeni na kipaza sauti akiwaeleza wahusika wanasema nini. Kiingereza chake kilikuwa hicho hicho cha darasa la saba, na mikanda mingine ilikuwa ya Kichina. Hakuna aliyelalamika. Jambazi aliyeshika bastola, kwa tafsiri ya rafiki yangu, alikuwa anamwuliza mwenzake njia ya kwenda kwa shangazi yake Manzese. Watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia picha.

Kazi ile aliipoteza kwa sababu yangu. Banda lilikuwa na deki moja ya kuchezea mikanda, na ufunguo wa banda walikuwa nao mwenye banda na rafiki yangu tu. Siku moja aliniachia ufunguo nimfungulie wateja wa mchana, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Nikaitoa deki kwa mlango wa nyuma, nikaiuza Kariakoo. Sikuwa na njaa, wala nyumbani hapakuwa na mgonjwa. Nilitaka viatu na suruali. Mwenye banda alipokuja alimshika rafiki yangu ukosi, akampeleka kituoni. Alikaa huko siku tano. Hakusema kwamba ufunguo alinipa mimi. Alitoka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimevunjika, na hakikunyooka tena maisha yake yote. Mtaani akabaki kuwa yule aliyeiba deki. Mama yake peke yake ndiye aliyesema mwanangu hakuiba, na alilisema kwa miaka.

Sikujua kama rafiki yangu alijua ni mimi, au aliamini nilisahau mlango wa nyuma wazi, mwizi akaingia. Tulikula pamoja, tukahangaika pamoja, na baadaye tukaja Doha pamoja kwa kazi ya ulinzi. Tulikaa kempu moja ya wafanyakazi huko Al Wukair, chumba kimoja, kitanda changu chini na chake juu. Neno deki halikutajwa kati yetu hata mara moja.

Ijumaa ile tuliyonunua filamu tuliiangalia baada ya sala na chakula. Kompyuta ndogo ilikuwa ya Mkenya mmoja wa chumbani kwetu, tukaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tulikuwa watu sita. Rafiki yangu alikaa pembeni, akapunguza sauti, akaanza.

"Buda, hiyo Kitamil umesomea wapi?" Mkenya akauliza.

"Tandale, shule ya msingi. Nyamaza, polisi wanakuja."

Tulicheka saa nzima. Sonara aliyeporwa alikuwa akilalamika kwamba kuku wake hawatagi. Mkuu wa polisi alikuwa anatafuta chaji ya simu. Kisha ikafika sehemu ambayo kijana mmoja mwembamba, aliyekamatwa peke yake, anatoka gerezani. Nje ya geti anangojwa na yule wa shati jekundu, ameshika glasi mbili za chai. Wanachuchumaa ukutani. Mwenye shati jekundu anasema maneno mengi, machozi yanamtoka.

"Anasema mama anakusalimia," rafiki yangu akatafsiri, "bati la jikoni limeng'oka, na mbuzi wa jirani amezaa mapacha."

"Analilia mbuzi?"

"Mapacha, kaka. Si mchezo."

Kwenye picha yule mwembamba aliangalia glasi yake, kisha akasema maneno machache. Rafiki yangu alitafsiri kwa sauti ya chini kidogo:

"Anasema, kunywa chai, ndugu yangu. Nilijua tangu siku ile ile."

"Alijua nini?" Mkenya akauliza.

"Habari za mbuzi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimtazama, naye alikuwa ameelekeza macho kwenye kompyuta. Nikainuka nikasema nakwenda kuchota maji, na nilikaa kule kwenye mtungi wa maji mpaka nikasikia filamu imekwisha. Nilikuwa na nafasi ya kumwuliza jioni ile, na siku zote zilizofuata. Sikumwuliza.

Alifariki kiangazi kilichofuata. Alirudi kutoka zamu ya asubuhi ya getini, juani, akaoga, akapanda kitandani kwake. Alasiri nilimgusa mguu nimwamshe kwa sala, mguu ulikuwa mgumu. Karatasi ya hospitali ilisema moyo ulisimama. Tulimwosha mimi na wenzetu wawili, mimi nikashika upande wa kushoto. Kile kidole nilikiosha nacho, nikajaribu kukilaza sawa na vingine, hakikulala. Kampuni ilimsafirisha. Mimi sikupewa ruhusa ya kumsindikiza.

Baada ya mazishi nilimpigia mama yake. Alizungumza kwa utulivu, akanisimulia waliokuja na aliyesalisha. Kisha akaniambia jambo alilodhani litanifurahisha. Jeneza likiwa bado halijainuliwa, imamu aliuliza kama ilivyo ada: nani anamdai marehemu, ajitokeze au asamehe. Mwenye banda, sasa mzee, alisimama.

"Akasema, 'Mimi nilikuwa namdai deki yangu. Nimemsamehe, duniani na akhera.' Watu wote wakaitikia amin, mwanangu."

"Na wewe, mama?"

"Na mimi. Miaka yote nasema hakuiba, hakuiba. Siku ile nikaona nibishe nini tena, mtoto yuko kwenye jeneza. Bora asamehewe aende mwepesi. Nikasema amin."

Nilimwambia poleni, nikakata simu.

Sasa nitasema jinsi nilivyofikiri, ingawa si vizuri. Nilifikiri: kama yeye hakujua, basi jambo limezikwa na limesamehewa, na mama amepata utulivu. Mimi ni nani niuvuruge? Lakini kama alijua, na akanyamaza kituoni na baadaye akanyamaza mezani kwetu, basi siwezi kumwacha kaburini na jina la mwizi, ambalo ni langu. Nikaikumbuka ile filamu. Labda maneno yale ya chai yamo kweli ndani ya filamu, na yeye aliyabahatisha kutokana na sura za waigizaji, hakuwa akiniambia mimi. Nilitaka yawemo. Nilitaka sana.

Mpishi wa mesi yetu alikuwa Mtamil, mtu mzima kuliko sisi, tukimwita anna, ambalo kwao ni kaka mkubwa. Ijumaa moja mchana nilimpelekea CD na kompyuta ya Mkenya, nikamwomba anieleze sehemu moja tu. Alikataa. Alisema filamu haielezwi katikati. Tukakaa kwenye magunia ya mchele, tukaiangalia tangu mwanzo, akinieleza kwa Kiarabu na Kiingereza chetu cha kempu.

"Waigizaji hawa hawajui kitu," alisema. "Lakini nyumba ni za kweli. Ule mtaro nao ni wa kweli. Hata harufu naijua."

Ikafika ile sehemu ya geti. Mwenye shati jekundu akasema, akalia.

"Anadanganya," mpishi akasema. "Anasema aliyewataja kwa polisi ni yule mwenzao aliyekufa."

"Kisha huyu mwembamba anajibu nini?"

"Anasema, 'Mungu amlaani.'"

"Hakusema kwamba anajua?"

"Hajui kitu. Hatajua mpaka mwisho."

"Na chai? Hakumwambia anywe chai?"

"Chai wameishika tu. Hakuna aliyeitaja." Akanitazama. "Kwani wewe uliambiwa nini?"

Nikamwambia niliambiwa maneno mengine. Aliniuliza kama nataka kuona mwisho. Nikasema sitaki, lakini yeye alitaka, basi nikakaa naye mpaka mwisho, kwa adabu.

Jioni ile ile nilipiga simu Tandale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepiga, kuna heri?"

"Mama, ile deki niliiba mimi. Mwanao hakuhusika."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini, na mtu akiambiwa atoke nje.

"Umesema?"

"Niliiba mimi. Alinipa ufunguo siku uliyokuwa unaumwa."

"Yeye alijua?"

"Alijua."

"Na mimi nikasema amin," alisema. "Mimi siwezi kukutukana kwenye simu. Njoo."

Likizo yangu ilitoka baada ya miezi saba. Nilifika siku ya Alhamisi, nikampigia mama kumwambia nitaanza kwa mwenye banda. Ijumaa, kabla ya sala, nilimfuata mwenye banda anakouza makava ya simu, pale pale lilipokuwa banda. Mama wa rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, amekwishafika kabla yangu.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya deki," nikamwambia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Alisikiliza huku akiendelea kupanga makava, mpaka yakakosa nafasi ya kupangwa.

"Deki yenyewe ilikuwa inakula mikanda," akasema. "Mwaka ule ule ningeitupa. Lakini kijana yule nilimpeleka kituoni kwa mkono wangu huu. Halafu nikasimama mbele ya watu nikamsamehe mtu asiye na kosa. Mimi nani atanisamehe?"

"Nisamehe mimi, mzee."

"Wewe ngoja kwanza. Nianze na yangu."

Baada ya sala alimwomba imamu nafasi, akasimama. Alisema kwamba kauli aliyoitoa siku ya mazishi anaifuta, kwamba marehemu hakuwahi kumwibia, na kwamba yeye ndiye aliyemdhulumu. Akamtaja aliyeiba, jina langu na la baba yangu. Watu waligeuka kuniangalia. Wengine walikuwa watoto wakati ule, wakawa wanaulizana deki ni nini.

Mama alitoka upande wa wanawake, akaanza kwenda nyumbani bila kunitazama. Nilimfuata nyuma. Alifika mlangoni kwake, akaingia, mimi nikasimama kizingitini nisijue nifanye nini.

"Vua viatu," akasema kutoka ndani.

Nikavua, nikaingia.