Swali la Arlene kwa Wageni

Arlene Koskela, jirani yangu hapa Duluth, Marekani, alikuwa akichoka hata kabla ya kahawa ya kwanza. Kila asubuhi aliketi kwenye kompyuta ya jikoni, theluji bado imeziba mlango, akaanza kufuta barua taka. Dawa za nguvu za kiume. Mikopo. Saa bandia. Zote zilimiminika kwenye kundi la barua pepe alilolianzisha baada ya mumewe, Vern, kuugua saratani ya koo na kuondolewa kisanduku cha sauti.

Watu wa kundi lile walikuwa kama Vern: wanapumulia tundu la shingoni, na wengi hawawezi kuongea. Kule ndiko walikopigia soga. Taka zilipozidi, wakaanza kujitoa.

"Siku hizi mimi ni mfagiaji tu," Arlene aliniambia.

Vern akabandika shingoni kifaa chake cha kuongelea, sauti ikatoka ikivuma kama nyuki kwenye kopo. "Waulize wageni swali kabla hawajaingia, mama. Ukioga, unafanyaje? Anayepumulia shingoni anajua. Hao wahuni watajulia wapi?"

Arlene akaliweka swali hilo kwenye fomu ya kujiunga. Wahuni wakajibu, "Tovuti nzuri sana!" akawafungia nje. Kundi likatulia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nilimkuta akioka keki.

Kisha likaja jibu la mtu aitwaye Dale: "Sijaoga." Arlene akalifuta. Kesho yake Dale akaandika tena: "Sijui. Niruhusu tu."

"Huyu ananichezea," Arlene akasema, akamfungia kabisa.

Jumapili simu ililia tukiwa mezani kwao. Sauti ya mwanamke ilipasua hata mimi nikaisikia.

"Wewe ndiye mwenye lile kundi? Naitwa Connie. Umemfukuza mume wangu!"

"Mume wako nani?"

"Dale! Katoka hospitali juzi, na tundu shingoni. Anaogopa maji kama paka. Hajui ataogaje, na hilo ndilo alilotaka kuwauliza nyie!"

"Nisamehe, dada," Arlene akasema. "Nilidhani ni wale wahuni."

Vern akanyoosha mkono apewe simu, akawasha spika. "Mwekee Dale simu sikioni," akamwambia Connie. "Dale, najua huwezi kujibu. Gonga simu kwa kidole. Mara moja ni ndiyo. Unanisikia?"

Tukasubiri. *Tk.*

"Haya bwana. Lipe bomba mgongo. Maji yasipite juu ya kifua. Kinga tundu kwa kiganja, usilizibe, la sivyo utajinyonga mwenyewe na Connie aolewe na mwingine. Umeelewa?"

*Tk.* Nyuma tukamsikia Connie akicheka huku analia.

Siku ileile Arlene alimwingiza Dale, akaliondoa lile swali. Tangu hapo kila barua ya mgeni huisoma mwenyewe, moja moja, ndipo aipitishe.

"Utaweza kweli?" nilimuuliza.

"Siwezi. Sasa nifanyeje?"

Jumatatu nilimkuta miwani kaipandisha kwenye paji la uso, anajisugua macho. Barua za mikopo zilikuwa zimerudi kwa wingi. Alisoma moja hadi mwisho, polepole, akafuta, akafungua nyingine.