Sungura Niliyembeba Mgongoni

Asubuhi ya siku ya tatu ya kutokula, sungura wangu hakuinuka nilipofungua banda. Alikuwa amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama kama ya kuku aliyenyeshewa, na majani niliyomwekea jana yake yalikuwa bado palepale. Nilimgusa masikio. Yalikuwa ya baridi kama kijiko.

Ulikuwa mwezi wa saba, na huku kwetu Kasulu, upande wa kwenda Buhigwe, mwezi wa saba hauna huruma. Ukungu hulala bondeni mpaka jua limepanda, na upepo hushuka mlimani ukiwa mkavu, wa kupasua midomo. Mwaka ule ulikuwa wa kwanza tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa. Zamani tuliishi katikati ya migomba, na migomba ndiyo iliyokuwa ukuta wetu. Kijijini nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, mbele peupe, nyuma peupe, na upepo ukija hakuna cha kuuzuia. Banda la sungura nililijenga kwa matete nyuma ya nyumba. Sikufikiria upepo. Nilifikiria paka.

Sungura mwenyewe nilimpata shuleni. Mwalimu wetu wa kilimo, mtu wa mkoa mwingine, alipopata uhamisho, sungura wa mradi waligawiwa sisi tuliokuwa tunamaliza darasa la saba. Aliuliza nani anamtaka yupi, wenzangu wakapiga kelele, mimi sikunyoosha kidole. Mwishoni alibaki jike mmoja wa kijivu, sikio moja limelala. Mwalimu akanipa bila kuniuliza kitu. Nyumbani nilizoea kumweka karibu nikimenya muhogo. Mimi si mtu wa maneno. Hata kanisani nikiambiwa nisome, huomba mwingine asome. Sungura naye hana maneno, na nadhani tulielewana kwa hilo.

Alipoanza kuacha kula nilidhani ni baridi tu inamsumbua. Kwa huruma nikamwongezea chakula. Nilishuka bondeni alfajiri nikachuma matembele laini kabisa, yanadondoka umande, nikamwekea mengi. Alikula kidogo akaacha. Siku ya pili nikamchumia mengine, mabichi zaidi. Tumbo lake likajaa na kuwa gumu kama mpira. Alisaga meno. Chini ya banda, ambako kila siku nilikuwa nikifagia vinyesi vyake vya duara, hapakuwa na kinyesi hata kimoja.

Baba alikuja kumtazama akiwa na jembe begani. "Huyu anakufa," alisema. Hakusema kwa ubaya. Kwetu mnyama mgonjwa huchinjwa kabla hajafa, kwa sababu akijifia mwenyewe ni mzoga, anatupwa. Na kutupa nyama wakati watoto wanakula maharage wiki nzima ni aina ya dhambi. "Nikirudi jioni nikakuta hajala, namchinja. Asitupotee bure."

"Ndiyo, baba," nilisema. Ndilo jibu pekee nililowahi kumpa.

Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Alingoja baba atokomee barabarani, ndipo akasema bila kugeuka, "Karibu na zahanati anakaa bwana mifugo. Mpeleke."

"Yule anatibu ng'ombe, mama."

"Basi huyu ni ng'ombe mdogo."

"Nitamwambiaje?"

"Utafungua mdomo. Ulidhani ulipewa wa kulia ugali tu?"

Nilichukua kikapu. Mama akakitazama akakiweka chini. "Humo atafika ameganda. Geuka." Akanifunga sungura mgongoni kwa kitenge chake, kama mtoto, akamfunika kwa sweta kuukuu la baba mpaka masikio yasionekane. Moyo wa sungura uligonga kwenye mgongo wangu kwa haraka, kama cherehani.

Ni mwendo wa saa mbili. Watu niliokutana nao walinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nami nikaitikia nikitazama chini. Hakuna aliyeuliza kitu. Msichana wa umri wangu mwenye kitu mgongoni si habari.

Bwana mifugo hakuwapo. Mkewe, aliyekuwa anaanika maharage uani, aliniambia amekwenda Kibondo kuchanja ng'ombe na atarudi wiki ijayo. Nilisema asante. Sikumweleza hata nilichokuwa nimefuata. Nilivuka barabara, nikaenda kukaa kwenye baraza ya zahanati kwa sababu jua lilikuwa linapiga pale na ukuta ulizuia upepo. Nilitaka tu sungura apate joto kidogo kabla ya safari ya kurudi.

Wanawake kama kumi na watano walikuwa wamekaa mstari na watoto wao. Nilikaa mwisho. Aliyekuwa wa kwanza, karibu na mlango, alikuwa mwanamke mrefu aliyempakata mtoto wa kama mwaka mmoja. Mtoto alikuwa analia na kujinyonganyonga. Yule mwanamke alinitazama kwa muda.

"Wewe dada, wako mbona halii?"

Nikavuta sweta limfunike zaidi.

"Anakula?"

Nikatikisa kichwa. "Hali. Leo siku ya tatu."

Mstari mzima ukageuka. "Siku tatu," mmoja akasema, "na katoto hata hakatikisiki." Yule mrefu akainuka. "Mtoto asiyelia ndiye wa kuogopwa," alisema. "Wangu bado ana nguvu za kunipigia kelele, atangoja. Njoo ukae pangu."

Mikono ikaninyanyua. Kutoka mwisho wa baraza mpaka mlangoni ni hatua kama kumi na tano, na katika kila hatua ningeweza kusema. Ulimi haukusogea. Nimefikiri mara nyingi juu ya hatua zile, na nisijidanganye: haikuwa aibu peke yake. Nyuma ya ule mlango kulikuwa na mtu mwenye dawa, na sungura wangu alikuwa na muda wa mpaka jioni.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, si mtu wa huku. Baadaye aliniambia kwao ni milima ya Upare. Aliitikia shikamoo yangu akiwa anaandika. "Mfungue tumwone."

Nilifungua. Sikio lililolala likatoka kwenye sweta.

Hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Ni nini hiki?"

"Sungura."

"Kwamba ni sungura naona. Nakuuliza unafanya nini. Zamu hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mama mmoja aliyeko nje."

"Ana mtoto?"

"Ndiyo. Analia sana."

Akanitazama mpaka nikatamani sakafu ifunguke. "Mimi simwiti," alisema. "Utamwita wewe. Utasimama pale mlangoni umwambie ulichobeba, kila mtu asikie, kisha umwombe aingie."

Nikatoka. Nilisema, "Mama, mimi sina mtoto. Ni sungura. Naomba uingie." Nilisema kwa sauti ndogo, na bibi mmoja mwenye mjukuu akauliza, "Anasema nini huyu?" Ikabidi nirudie, na kwa kuwa bado walinikodolea macho, nikamwinua sungura mbele yao.

Kisha mmoja akasema, "Tumepitwa na kitoweo," na wengine wakacheka, ingawa si wote. Bibi alisonya. Yule mrefu alinipita bila kunitazama. Mlango ni mwembamba. Mkono wa mtoto wake ulikuwa umening'inia nje ya kitenge ukanigusa shingoni, na ulikuwa wa moto kama jiwe lililotoka jikoni. Nilikuwa nimeshika masikio ya baridi, na shingoni nilibaki na moto ule. Kabla ya hapo sikuwa nimemfikiria yule mtoto hata kidogo.

Ningeweza kwenda nyumbani. Muuguzi hakuwa ameniambia nirudi. Lakini nyumbani palikuwa na kisu tu, basi nikaenda kukaa mwisho wa mstari, nyuma ya wote, nikamrudisha sungura ndani ya sweta. Kila mama aliyeingia alikaa sana, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Kivuli cha paa kilianza kusogea juu ya miguu yetu. Niliendelea kutia mkono ndani ya sweta kuona kama bado anapumua.

Yule mrefu alipotoka aliambiwa asiondoke kwanza, mtoto aangaliwe baada ya sindano. Nafasi yenye jua ilikuwa imebaki moja, kando yangu. Alisimama kidogo, kisha akakaa.

Akasema, akitazama barabarani, "Na baba yake yuko wapi, huyo mwenye masikio?"

Sikujua kama nicheke. "Nisamehe, mama."

"Wangu akipona nitakusamehe. Sasa hivi bado nina hamu ya kukupiga."

Tukakaa hivyo. Mtoto alikuwa amenyamaza, na safari hii mama yake ndiye aliyeogopa ukimya. Kila mara aliweka shavu kwenye paji lake. Mimi nami nilikuwa na mkono ndani ya sweta. Hatukutazamana, lakini nilijua anafanya nini, na nadhani naye alijua. Hatimaye jasho likamtoka mtoto, akajinyoosha, akaanza kulia kwa hasira.

"Huyo," mama yake alisema. "Amerudi." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akasogea akakaa upande wangu wa pili, kule ambako upepo ulikuwa unazunguka kona ya ukuta. "Mgeuze huku," alisema. "Upepo usimwingie." Alikaa pale mpaka muuguzi alipomruhusu kwenda. Kuhusu msamaha hakusema tena lolote, nami sikuuliza.

Jua lilikuwa la saa nane nilipobaki peke yangu. Muuguzi alikuwa ananawa mikono.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Haya, mlete."

Kwao, alisema, alikulia na sungura uani. Alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili. "Hewa tupu. Umemlisha nini?"

"Matembele."

"Yenye umande?"

"Ya alfajiri. Mabichi kabisa."

"Ndiyo yaliyomvimbisha. Majani ya sungura unayaacha juani yanyauke kwanza, ndipo unampa. Wakati wa baridi ndiyo zaidi. Hakuna aliyekuambia?"

Mwalimu angeniambia kama ningemuuliza. Sikumwambia hivyo muuguzi, lakini niliposimama pale nilielewa kwamba zile safari za bondeni, vidole vikiganda, ndizo zilizokuwa zinamuua.

Nikamweleza habari ya baba. Akasema dawa za pale ni za watu, hatanipa hata tone, lakini mikono ninayo. Akanionyesha namna ya kusugua tumbo polepole kuelekea nyuma, niache, nisugue tena. Maji ya uvuguvugu yenye chembe ya chumvi na sukari, nimdondoshee kwa ncha ya kitambaa safi. Akae karibu na moto, mbali na moshi, na mara kwa mara nimlazimishe arukeruke. "Kufikia kesho asubuhi kama hajatoa kinyesi, mwache baba yako afanye kazi yake. Hapo hata wewe utakuwa unamtesa."

Nyumbani nilimkuta baba ameshakaa kwenye kigoda nje, kisu kiko kwenye sahani.

"Amekula?"

"Hajala."

Akanyoosha mkono. Sikumpa.

"Baba, naomba mpaka asubuhi."

Alimtazama mama kwanza, kana kwamba ni yeye aliyesema. Mama akaendelea kupepeta.

"Na akifa usiku?"

"Nitamzika mwenyewe. Na siku tukichinja kuku mgawo wangu mtakula ninyi."

"Mgawo wako ni shingo," alisema baba. Akasogeza sahani kando. "Mpaka asubuhi. Jua likitoka sitauliza mara mbili."

Usiku ule nilisugua, nikadondosha maji, nikasugua tena. Sina zaidi la kusimulia. Kulipoanza kupambazuka nilimweka chini anyooshe miguu, akaruka mara mbili kuelekea mafigani, akasimama. Aliposogea, kwenye majivu palikuwa na vinyesi vitatu, vidogo, vigumu, vimeunganishwa kwa unyoya.

Niliviokota vyote. Baba alikuwa nje ananawa uso, mvuke unamtoka mdomoni. Nilimfungulia kiganja.

"Nini hicho?"

"Ametoa."

Alivitazama kwa muda, maji yakimdondoka kidevuni. "Nina watoto sita," alisema, "na sijawahi kuletewa mavi kwa heshima namna hii." Akachukua jembe akaenda shambani.

Siku hiyo sikushuka bondeni alfajiri. Niliondoka jua likiwa limeshapanda na umande umekauka, nikachuma matembele machache, nikayatandaza juu ya jiwe. Sungura alikuwa amesogea mpaka kwenye matete ya banda, pua inacheza, ameshasikia harufu. Nilitamani kumpa hata jani moja. Nikakalia mikono yangu, nikangoja yanyauke.