Kompyuta ya Koridoni

Kampuni yetu inasafirisha mizigo ya watu, na mimi ndiye fundi wake wa kompyuta. Kazi yangu ya pili, ambayo silipwi, ni kutia pua katika mambo yasiyonihusu. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa.

Bosi wetu ni mama mwenye sauti ya upole na maamuzi yasiyo na upole hata chembe. Alichoka kukuta wateja wamepanga foleni huku makarani wakitazama magauni ya harusi na magoli ya jana. Nilimshauri tufunge mitandao yote ya starehe. Akakataa. "Nikiwafungia, watahamia chooni na simu zao," alisema. Badala yake akaamuru kompyuta moja iwekwe koridoni, karibu na mtungi wa maji, kioo kikiwaelekea wapita njia. Mwenye mambo yake binafsi ayamalizie pale, saa ya chakula, mbele ya macho ya watu.

Dawa hiyo ilifanya kazi kuliko kufuli. Dada wa mapokezi alijaribu kutafuta tiba ya chunusi, akapata washauri kibao kabla hajamaliza kuandika. Hakurudi tena. Dereva mmoja alifungua ukurasa wa viatu, akaulizwa ana hela za viatu au za kutazamia tu. Baada ya wiki chache kiti kile kilikuwa na mteja mmoja peke yake, Mzee Taratibu.

Huyu ni mtunza stoo wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu jengo likiwaka moto, yeye angefunga kwanza vifungo vya koti. Mkewe alifariki zamani, na nyumbani anaishi peke yake. Maneno yake anayatoa kwa kubana matumizi. Kila mchana alikuwa anavuta kiti, anafungua ukurasa uleule, na kutazama barabara.

Barabara tu, basi! Ni kamera ya mji fulani wa ng'ambo, ambako huwa bado asubuhi, imetundikwa juu ya makutano, inaonyesha watu wakipita na miavuli yao. Hakuna ajali, hakuna vurugu. Mzee anakodoa macho, mara anasogea mbele, anatabasamu kidogo, anafunga ukurasa na kurudi stoo.

Udadisi ulinitafuna. Dada wa mapokezi alisema mzee anacheza kamari ya rangi za magari. Dereva akaapa kuwa anatafuta mchumba. Mimi nilichota maji pale mpaka tumbo likajaa, na sikuambulia kitu.

Tatizo ni kwamba picha ile ilikula mtandao wa ofisi nzima. Hati za mizigo zilikwama kila mchana, malori yakabaki getini yakinguruma. Bosi akaniita. "Funga hiyo kamera leo."

Nilikwenda mbio, maana sasa mzee angelazimika kujieleza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimetumwa niifunge hii."

Hakugeuka. "Nikateni mshahara. Nipeni hata barua ya onyo. Lakini msiifunge, mwanangu."

"Kwani kuna nini huko?"

"Binti yangu anapita hapo akienda kazini."

Akanieleza kwamba binti aliacha kazi ya ualimu akaenda kujitafutia maisha ng'ambo, na yeye kwa hasira akamtolea maneno ambayo hata adui haambiwi. Hawajaongea tangu hapo. Shangazi wa binti ndiye aliyemwonyesha mzee ukurasa ule, akampa na namba ya simu. Namba hajaipiga. Simu yake yenyewe ni ya vitufe, haina mtandao.

"Nitamwambia nini?" alisema. "Kumwona kunanitosha."

Bosi alikuwa amekwishafika nyuma yetu, na amesikia. "Yupi?" aliuliza.

Mzee alingoja, kisha akagusa kioo. "Yule mwenye begi la njano."

"Unamjuaje kutoka juu hivi?"

"Mwendo wake. Anatembea kama mama yake."

Bosi alimtazama mzee badala ya kioo. "Mimi nawatazama nyinyi hapa koridoni, na mnajua kuwa natazama. Yeye anajua?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Basi mpigie. Ukimpigia, nitapanga hati zichapwe asubuhi na kamera yako ibaki. Usipompigia, fundi anaifunga sasa hivi. Sizuii malori kwa ajili ya mtu kumchungulia mwanawe."

Alikuwa hatanii. Mzee alitoa simu, akabonyeza na kuiweka sauti ya nje. Watu walishatuzunguka.

"Haloo?" binti aliitika. "Baba? Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Niko njiani kazini, baba. Nitakupigia jioni."

"Haya."

Ikakatika. Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayetangaza safari za mabasi. Kwenye kioo begi la njano lilikuwa linaenda zake bila hata kusita. Dada wa mapokezi aliinamisha kichwa.

"Ana haraka," mzee alisema, akapeleka mkono afunge ukurasa.

"Ngoja!" Nilimshika mkono. "Picha za kamera hizi huchelewa kutufikia. Hapo tunapoona, bado hujampigia."

Tukainama wote. Binti akatembea kidogo, akasimama ghafla katikati ya watu. Akatoa simu, akaitazama, akaziba mdomo kwa kiganja. Akaiweka sikioni, akaongea maneno machache akiwa amenyooka kama askari. Alipoishusha, begi lilimtoka begani. Akachuchumaa ukutani, uso magotini, na mabega yakaanza kutikisika.

Mpita njia mmoja, bibi mwenye mwavuli, akamwinamia. Binti akainua uso, akamwonyesha simu ile, kama mtu anayesema: tazama aliyenipigia.

Mzee Taratibu alikuwa tayari anabonyeza namba tena.