Wagonjwa Wangu Wote Walikuwa Wazima

Maombi yangu ya kwanza ya ruzuku ya utafiti yalirudi na mstari mmoja ulionikata maini: "Ikiwa kina mama hawa ni wazima kama mwombaji anavyoonyesha, utafiti huu ni wa nini?" Nilikuwa peke yangu ofisini, na nikasema neno ambalo mwalimu wa chuo kikuu hapaswi kulisema mbele ya wanafunzi.

Nilitaka kuchunguza jinsi kina mama wazee wa familia zetu zilizotoka Unguja wanavyoishi na kisukari hapa Maskati. Jambo lenyewe lilikuwa likiniuma. Mara tunasikia fulani kakatwa mguu, mara fulani haoni tena, na watu wa nyumbani kwake ndiyo kwanza wanajua kuwa alikuwa akiumwa. Mfuko ule wa ruzuku uliruhusu mradi mmoja uombewe mara mbili tu, nami mara moja nilikuwa nimekwisha kuipoteza.

Kosa lilikuwa langu, na mtu asiyelelewa kwetu asingelifanya. Ili kuonyesha kuwa mradi unawezekana, nilipita nyumba kadhaa za mtaa wa Ansab na dodoso langu safi, swali la kwanza likiwa: "Hali yako ya afya ikoje?" Kila mmoja alinijibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Mmoja alinijibu hivyo huku anajikokota kwa kushika ukuta. Nami, niliyefundishwa tangu utotoni kuwa mtu hamwagi shida zake mlangoni, nikaliandika jibu kama lilivyo, nikalitia kwenye jedwali, nikaona nimefanya sayansi.

Ijumaa nikaenda kula kwa mama, mtaa wa Hail, nimenuna. Nikamsomea ule mstari. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sasa we' ulitaraji wakwambieje?" akasema. "Umekwenda na kalamu yako, unawauliza hali. Mtu akiulizwa hali hushukuru. Hata aliyelala kitandani hushukuru."

"Basi niwaulize nini?"

"Waulize wameacha nini."

Sikumwelewa. Akaisogeza sahani yake kando. "Niulize mie."

"Haya, mama. Umeacha nini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kutunga uzi kwenye sindano ameacha. Nguo zake anazipeleka kwa fundi, na sisi alituambia fundi naye anataka riziki. Kupanda juu kuanika nguo ameacha, kwa sababu nyayo hazisikii ngazi. Kusoma Msahafu ameacha, herufi zinamkimbia, siku hizi anasikiliza kwenye simu. Na sisi wanawe tulikuwa tukimsifu kwa wageni kuwa mama yetu hodari wa simu! Aliyasema yote kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Mimi, daktari wa afya ya jamii, nilikuwa nakula kwenye busati lake kila Ijumaa, na dalili zile za kisukari sikuziona. Niliona haya, kisha nikalia.

"Usinilizie wali," mama akasema. "Andika."

Wiki ile ile nilimpeleka hospitali ya macho, kisha nikakaa na maombi yangu. Nilifuta kurasa mbili za mwanzo, ambamo nilikuwa nimeeleza safari za mababu, nikawasalimu wasomaji kwa adabu zote, na kuwaomba radhi kwa uchache wa elimu yangu. Mtu anaomba apewe kazi, anaanza kwa kusema haiwezi! Mahali pake nikaanza na mama mmoja anayesifiwa kwa kusikiliza simu. Ruhusa nilimwomba, naye akanipa kwa sharti kuwa nisiseme ni yeye.

Nikarudi Ansab na swali jipya. Wale wale waliokuwa hawajambo walinizuia mpaka magharibi. Yule wa ukutani alimpigia simu jirani yake aje naye aulizwe. Palipotakiwa nieleze kwa nini kazi hii haiwezi kungoja, niliandika kwamba kina mama hawa wanaonana na watoto wao kila wiki, na watoto hawajui. Kisha nikaeleza nani atauliza, kwa lugha gani, na tutamfanyia nini tutakayemkuta mgonjwa. Mara ya kwanza sehemu hiyo ya mwisho sikuwa nayo kabisa, na sijui nilifikiri nini.

Jibu lilikuja Jumatano asubuhi: tumepewa. Nilipiga ukelele, mwenzangu wa chumba cha pili akaja mbio akidhani pana msiba. Sikungoja Ijumaa, nikaendesha gari moja kwa moja hadi Hail. Mama alipiga vigelegele peke yake, vya kutosha harusi nzima.

"Haya, mie nahojiwa lini?" akauliza.

"Mama, wewe haiwezekani. Mtafiti haruhusiwi kumhoji jamaa yake."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akawa anazungusha bangili mkononi. Nikatambua kuwa alikuwa anaingojea siku hiyo.

"Basi mie ataniuliza nani?"

Nikazima simu, nikakaa chini karibu naye. "Mimi," nikamwambia. "Bila ya fomu. Haya, tangu Ijumaa umeacha nini?"

"Tangu Ijumaa?" Akauvuta mto, akajiegemeza. "Kaa vizuri basi."