Siku Bi Shigeno Alipooga Kama Mgeni

Bi Shigeno alikuja mjini kwetu kwa siku tatu, akakaa miaka arobaini na saba. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, karani wa kiwanda cha vifungo huko Osaka, na alifuata kile wanachofuata wageni wote: mlima mweupe, mbao za kutelezea kwenye theluji, na maji moto ya kutuliza mifupa jioni. Siku ya kwanza alianguka mara kumi na tisa. Alizihesabu Yasuhei, kijana fundi wa mbao hizo, akamwambia bila haya, "Dada, mlima umeukumbatia vya kutosha. Sasa uteleze kidogo."

Jioni yake alifanya kituko kingine. Aliingia hamamu ya kichochoro chetu, akatia kidole majini, akaona hapa yai linaiva, akafungua bomba la maji baridi mpaka mwisho. Loo! Mabibi waliokuwa wakijisugua pembeni walimjia juu. "We binti, una wazimu? Funga bomba hilo!" Kwetu maji ya chemchemi hupozwa kwa kukorogwa na ubao, tena kwa subira. Shigeno alikaribia kulia. Basi bibi mmoja akamshika mkono, akamwingiza hodhini polepole, miguu kwanza, akimwambia atulie, asijitikise. Alitoka mwekundu kama pweza wa sufuriani, akalala usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu mama yake afariki. Theluji ya mwaka uliofuata ilipoyeyuka, aliolewa na Yasuhei.

Sasa hamamu yetu, ujue, haina mlinzi wala mfanyakazi. Ni mali ya nyumba kumi na mbili. Majina yamepangwa ukutani kwenye vibao, na kila siku nyumba moja ina zamu: kuyatoa maji yote, kusugua hodhi na sakafu, kuyafungulia tena. Wageni huoga bure, wakipenda hudondosha sarafu kwenye kisanduku cha mlangoni. Wenyewe hawadondoshi kitu. Sadaka yetu ni brashi. Nyumba isiyoweza kusugua, kibao chake hushushwa. Hakuna anayeipenda siku hiyo, lakini ndiyo desturi.

Bi Shigeno alikuwa na gesti ya vyumba vinne, alikuwa na kumbukumbu za mumewe, lakini kilichomfanya ajione mtu wa hapa kilikuwa kile kibao. Hawakujaliwa mtoto. Yasuhei alipofariki, miaka miwili iliyopita, alisugua peke yake zamu baada ya zamu, na wala hakulalamika.

Ndipo Januari hii akateleza kwenye ngazi za gesti, beleshi la theluji mkononi, akavunjika mtulinga. Daktari alimfunga mkono kwa kitambaa shingoni. "Miezi mitatu, mama. Usiinue hata birika la chai."

Zamu yake ilikuwa kesho kutwa. Unadhani alisema? Thubutu! Alivaa koti pana juu ya kitambaa, na jirani yake Haruyo alipomuuliza mbona anatembea upande, alijibu, "Bega limekaza tu, shoga. Uzee huo." Waliosema mficha uchi hazai walimjua Bi Shigeno kabla hajazaliwa.

Siku ya zamu alijikaza kisabuni. Alisugua kwa mkono wa kushoto, magoti chini, meno yameumana. Kazi ya muda wa saa moja na nusu ilimchukua mpaka saa sita mchana, na nje wateleza theluji walikuwa wamejipanga na mataulo yao, wanapuliza viganja. Utelezi ulibaki kwenye pembe zote nne za hodhi. Ndoo moja ilimponyoka ikabingiria mpaka mlangoni, naye akakaa kwenye benchi la mbao akaona aibu kuliko maumivu.

Akafanya kosa ambalo sisi watu wa kwetu hulifanya tukidhani ni adabu: aliona heri ajitoe mwenyewe kuliko kuwatwisha wenzake mzigo. Alishusha kibao chake, akakifunga kwenye kitambaa safi pamoja na boksi la keki za maharage, maana mikono mitupu haibishi hodi. Haruyo hakuwepo nyumbani. Akaviacha mlangoni na kikaratasi: *Nimewasumbua vya kutosha. Nyumba yetu inatoka. Mniwie radhi.*

Siku tatu alijipangusa nyumbani kwa beseni. Siku ya nne, alasiri, mlima ulikuwa umejitokeza mweupe wote baada ya dhoruba, na baridi ilimwingia mpaka kwenye mfupa ule uliovunjika. Akashindwa. Akachukua taulo, akateremka kichochoroni, na mlangoni pa hamamu akasimama kitambo kirefu. Kisha akatoa sarafu ya yeni mia, akaidondosha kisandukuni.

Ililia kama kengele, jamani. Ndani, upande wa wanawake, kulikuwa na Haruyo na wengine wawili.

"Nani katia sarafu?" Haruyo aliuliza, maji yamemfika kidevuni.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Bi Shigeno, koti keshalivua mlangoni, alishikilia taulo lake kifuani. "Mgeni," alisema.

"Makubwa! Mgeni!" Haruyo alisimama mzima mzima, maji yakamwagika hadi sakafuni. "Mgeni aliyenifundisha mimi kukanda unga? Mgeni aliyenizikia mama? Na hilo bega lililokaza tu, mbona limefungwa kama maandazi ya safari? Tulipoikuta hodhi ina utelezi tukajua unaumwa, tukangoja useme. Wewe unatuletea keki!"

"Sikutaka kuwasumbua, Haruyo. Nyumba isiyosugua..."

"Nyamaza, nikwambie. Unaukumbuka mwaka mume wangu alipolazwa, mimi nikiwa na mimba ya Kenta? Zamu zetu za majira yote ya baridi zilisuguliwa. Unajua na nani?"

Bi Shigeno hakujua.

"Na mumeo! Wewe alikuwa akikuaga kwamba anakwenda kupaka mbao nta. Asubuhi moja nilimkuta humu kapiga magoti, anasugua. Nikaona haya. Nikarudi kinyumenyume, nikajifanya sijaona, naye hakusema. Miaka thelathini na minne, kila nikikutana naye nasema leo nitamshukuru, leo nitamshukuru. Mpaka tumemzika." Alijimwagia maji usoni. "Sasa nafasi imebaki kwako, na wewe unashusha kibao! Unataka niende na asante ya watu kaburini?"

Bi Shigeno alilia waziwazi, mdomo wazi, kama mtoto, na hakutafuta pa kujificha. Wale wawili walimvua nguo wakikwepesha bega, huku mmoja akinung'unika kwamba kibao kimesharudishwa ukutani tangu juzi, laiti angeinua macho badala ya kuhangaika na visarafu.

Haruyo alimkalisha kwenye kigoda, nyuma yake, akamfungua nywele. Zilikuwa zimegandamana, hazijaoshwa tangu aanguke, kwa kuwa mkono haukufika kichwani. Alizipaka sabuni, akazifikicha taratibu kwa vidole kumi, nyuma ya masikio, kisogoni. Kisha akachota maji moto, akayamimina kidogo kidogo, mkono mwingine ukikinga macho ya mwenzake.

"Asante, Yasuhei," Haruyo alisema kwa sauti ndogo.

Bi Shigeno alikuwa amefumba macho, maji yanamtiririka usoni.

"Amesikia, shoga," akaitikia. "Mimina tena."