Theluji Nyuma ya Ukumbi wa Kaloleni

Mwaka wa 1991, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mlima ulimmeza kaka yangu Musindi, na shida zangu zikaanzia hapo. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, na pombe sijaonja hadi leo.

Musindi alikuwa akiwabebea watafiti mizigo Mlima Kenya. Kazi yao ni kupima theluji. Unadunga chuma kirefu chenye alama mpaka kigonge barafu ngumu ya chini, unasoma kina. Kisha unajaza theluji kwenye bomba, unapima uzito, ujue imebeba maji kiasi gani. Siku moja alikanyaga pabaya, theluji ikafunguka, akaingia kwenye ufa. Walimtafuta wakachoka. Mimi niliacha shule darasa la nne, na mama alihitaji kula. Nikaenda kuomba nafasi yake, nikapewa, kibarua.

Sisi watu wa Vihiga, mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika mgomba badala yake, tunalia, tunamaliza. Wazee walikuja mpaka nyumbani kwetu mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kumsihi mama. Akawafukuza. "Mimi sikuzaa mgomba!" Kila jioni alimpakulia Musindi sahani ya ugali, akaifunika, akaiacha mezani. Nani angemwambia kitu?

Mwaka wa pili, ofisi ilipata picha za setilaiti, chombo kile kinachozunguka huko juu angani. Theluji huonekana nyeupe pe, ila lazima mtu aende kwa miguu kuhakikisha picha haidanganyi. Daktari, mkubwa wetu, alikuwa na picha moja iliyoshika mlima hadi Nairobi. Akaweka kidole kwenye doa jeupe.

"Hapa si Kaloleni? Kijana, theluji imekufuata nyumbani!"

"Hayo ni mabati mapya, Daktari."

"Au wingu. Basi kesho pita na chuma chako upime, utuletee jibu."

Ofisi nzima ikacheka. Lakini mimi nikitumwa, naenda. Kesho yake mchana nikabeba chuma begani. Kina mama waliokuwa wakifua karibu na ukumbi wa mtaa wakanidaka.

"Shemeji, unaenda kuvua samaki?"

"Natafuta theluji."

"Woi! Ukipata yenye ladha ya machungwa utuletee tulambe!"

Nikapinda kona nikiwa bado nacheka. Niamini: nyuma ya ukumbi palikuwa peupe. Theluji tupu, upana wa kiwanja cha watoto cha mpira. Sauti za kina mama zilikatika kama redio iliyoishiwa na betri. Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kazi niliyofundishwa. Nikadunga. Chuma kikaingia, kikaingia, mpaka ngumi yangu ikagusa theluji, na chini sijapata.

Kisha mtu akakishika kutoka chini.

Sikuachilia. Nilivuta kwa nguvu zote, zikatokea nywele zilizojaa barafu, halafu uso. Musindi! Jaketi lake lile lile la buluu! Moyo uliruka kwa furaha, hofu haikupata nafasi.

"Mifupa," akasema. Ni yeye peke yake aliyeniita hivyo, kwa vile nilivyokonda. "Umepata kina gani?"

"Sijafika chini."

"Hutafika. Kila jioni mama akipakua, tabaka lingine linanilalia. Mwambie aache. Nimechoka kubeba."

"Toka, twende umwambie mwenyewe!"

Nikamshika mkono, nikavuta. Unajua kilichotokea? Yeye hakupanda hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikishuka. Magoti, mapaja, kiuno. Na bado sikutaka kumwacha. Ningewezaje, kaka yangu huyu? Yeye ndiye aliyepiga kelele:

"Achilia, mjinga wewe! Unataka mama apakue sahani mbili?"

Nikaachilia.

Kina mama walinikuta nimelala juu ya vumbi kavu, suruali imelowa hadi kiunoni, chuma hakipo. Utani uliwaisha. Wakanishika huku na huku hadi nyumbani.

Nilimwambia mama yote. Hakulia. Aliushika mkono wangu wa kulia, ule niliomshikia Musindi, akauweka kwapani mwake aupashe moto, mkono ukakataa kupata joto.

"Alikuitaje?"

"Mifupa."

Mama akainuka, akaichukua ile sahani mezani, akaiosha, akaipanga na nyingine.

"Basi nenda uwaambie wazee wakate mgomba."

Tuliuzika Vihiga. Watu waliimba, mama akatupa udongo wa kwanza. Daktari alisema lile doa lilikuwa wingu. Sawa, ana elimu yake. Mimi mkono huu bado ni baridi, hata nikishika kikombe cha chai ya moto hausikii, na wajukuu wangu hawataki niwaguse nao.

Wewe unayesoma, kama una mtu wako aliyepotea na wazee wamekwambia uzike, zika, hata kama ni mgomba. Usimpakulie. Unadhani unamlisha, kumbe unamfukia.

Mali yangu leo, baada ya miaka ya kibarua na biashara, ni hii: ghorofa la kupangisha mtaa wa Huruma, duka la ngozi soko la Kariokor, nyumba ya mawe Vihiga, ng'ombe watatu, na kaburi la kaka yangu, lenye simiti na jina.